Asili ya Serikali na Ghala la Uruk

Miongoni mwa maswali yaliyowashughulisha wanazuoni kwa karne nyingi ni hili: ilikuwaje watu waliozaliwa sawa, kila mmoja na mikono miwili na tumbo moja, wakakubali mmoja wao aamuru na wengine watii? Hobbes, Mwingereza aliyeandika mwaka 1651, nchi yake ikiwa ndiyo kwanza itoke katika vita vya wenyewe kwa wenyewe, alijibu ya kuwa watu walichoka kuuana, wakaukabidhi upanga wa wote mkononi mwa mmoja. Rousseau, mwaka 1762, alishika ya kuwa mamlaka yaliyo halali hayana asili nyingine ila mapatano ya watu wenyewe. Engels, mwaka 1884, alisema serikali ni chombo cha wenye mali, kilichozuka siku jamii ilipogawanyika matabaka. Watu hawa walikuwa na akili nyingi, lakini wote walikuwa na upungufu mmoja: hakuna hata mmoja wao aliyepata kuzitia machoni hati za serikali ya kwanza, kwa kuwa hati hizo zilikuwa zingali zimelala chini ya ardhi. Walihukumu kesi kabla ya shahidi kufika.

Karibu miaka mia tatu kabla ya Hobbes, Ibn Khaldun, mzaliwa wa Tunis, aliandika katika Muqaddima yake ya mwaka 1377 maneno yanayolikaribia zaidi jambo lenyewe. Alitenga uongozi na ufalme. Kiongozi, kwa maelezo yake, hufuatwa na watu kwa hiari zao, wala hana nguvu ya kuwatenza wasilolitaka. Mfalme hana haja ya hiari zao. Tofauti hii ni ndogo kwa maneno, ni kubwa mno kwa maana. Mzee anayesikilizwa barazani hajawa serikali. Shujaa anayefuatwa vitani hajawa serikali, kwani vita vikiisha kila mtu hurudi kwake na jembe lake. Serikali ipo pale ambapo mtu aweza kuja shambani kwa mwenzake akachukua sehemu ya mavuno, mwenye shamba asiweze kukataa, na mchukuaji akifa kazi yake isife pamoja naye, bali mwingine aje akalie kiti kile kile. Basi hakuna faida kuuliza ni lini watu walipata viongozi, maana viongozi wamekuwako sikuzote. La kuuliza ni lini mtu asiyependezwa na kiongozi alipokosa njia ya kuondoka.

Kwa maelfu na maelfu ya miaka njia hiyo ilikuwa wazi. Mifupa ya binadamu wa namna ya leo iliyofukuliwa Jebel Irhoud, katika nchi ya Moroko, ina umri wa miaka kama 300,000. Na serikali iliyo ya kale kupita zote zinazojulikana haijatimiza miaka 6,000. Ukiigawanya historia ya binadamu katika sehemu mia, zile ambazo ndani yake palikuwa na mtoza kodi hazifiki mbili. Aghalabu watu husoma hesabu kama hii wakadhani ya kuwa zile sehemu tisini na nane zilizosalia zilikuwa usiku wa fujo, kila mtu na rungu lake. Dhana hiyo haina msingi.

Wahadza wanaokaa kandokando ya Ziwa Eyasi, kaskazini mwa Tanzania, si masalio ya watu wa kale; ni watu wa leo kama wengine, na wamekuwa na majirani wakulima na wafugaji kwa muda mrefu. Lakini desturi zao zaonyesha ya kuwa jamii yaweza kusimama bila mwamrishaji. James Woodburn, msomi wa Kiingereza aliyekaa nao tangu miaka ya mwisho ya 1950, alieleza kwamba kambi zao hazina mkuu wa kuamuru. Nyama ya mnyama mkubwa haiwi ya aliyemwua peke yake. Hugawanywa kambini, na mwindaji hana ruhusa ya kuigeuza deni juu ya walaji. Ugomvi ukizidi, upande mmoja hufunga mizigo yake michache ukahamia kambi nyingine. Tena kila mwanamume ana upinde na mishale ya sumu, na mtu anayetaka kuwakalia wenzake kichwani atalazimika kulala usiku kama wao. Serikali ya kikoloni, na baadaye serikali ya Tanzania, zilijaribu mara kadha kuwakalisha vijijini, na mara kadha wengi wao walirudi porini.

Yawezekana kusemwa ya kuwa hayo ni mambo ya wawindaji wachache, na kwamba watu wakiwa wengi na wakilima hapana budi mtawala azuke. Ushahidi wa ardhini haukubali upesi namna hiyo. Huko Göbekli Tepe, kusini-mashariki mwa Uturuki, watu waliokuwa wangali wakiishi kwa uwindaji na kuchuma nafaka za mwituni walisimamisha nguzo za mawe yaliyochongwa, nyingine zapata urefu wa mita tano, yapata mwaka 9500 kabla ya Kristo. Katika nchi hiyo hiyo, mji wa Çatalhöyük ulikaliwa kwa zaidi ya miaka elfu, kuanzia karibu na mwaka 7100 K.K. Nyumba zake zilibanana hata hapakuwa na njia baina yao; watu waliingia kwa tundu la darini, na wafu walizikwa chini ya sakafu. Wachimbaji wamefukua nyumba baada ya nyumba, tangu mwaka 1961, wala hawakupata ikulu, wala gereza, wala ghala kuu la mji. Kila nyumba ilikuwa na chumba chake kidogo cha akiba. Neno hili la mwisho lastahili kushikwa vizuri, kwa sababu ndilo litakalobadilika.

Badiliko hilo laonekana kwa uwazi usio na kifani katika nchi ya Sumeri, sehemu ya kusini ya Iraki ya leo, na hasa katika mji wa Uruk. Mvua ya huko ni haba mno, haitoshi kumwotesha mkulima hata shayiri. Kilimo chote hutegemea maji ya mito ya Furati na Hidekeli, yavutwayo kwa mifereji. Wajerumani walianza kuchimba magofu ya Uruk mwaka 1912, wakasimamishwa na Vita Kuu, wakaendelea tena mwaka 1928. Waliyoyaona yalionyesha ya kuwa kufikia mwaka 3000 K.K. mji ulikuwa umeenea hekta zipatazo 250, na wenyeji wake, kwa makisio ya wengi, hawakupungua elfu ishirini. Ulimwengu ulikuwa haujapata kuona mkusanyiko wa watu kama huo. Katikati ya mji palikuwa na majengo makubwa yaitwayo Eanna, nyumba ya Inanna, mungu mke wa mji.

Kitu kilichojaa zaidi katika magofu hayo si dhahabu wala silaha. Ni bakuli. Ni bakuli baya la udongo mzito, lisilo na nakshi wala mng'aro, lililotengenezwa kwa kukandamiza udongo katika kalibu, na limepatikana kwa maelfu, Uruk na katika miji mingine mingi ya zama zile. Ujazo wake hukaribia kibaba. Baadhi ya wasomi hudhani lilikuwa la kuokea mikate. Wengine, na hao ni wengi, hulitaja kuwa chombo cha kupimia posho ya kutwa. Pengine lilifanya kazi zote mbili. Jambo lisilo na shaka ni kwamba mtu hatengenezi maelfu ya mabakuli ya kipimo kimoja kwa ajili ya kula na watoto wake nyumbani. Katika maandishi ya mji huo, alama ya kula, au ya kupewa posho, ni kichwa cha mtu na bakuli mbele yake.

Na maandishi yenyewe yalizaliwa ndani ya ghala hilo hilo. Zamani watu wa nchi zile walihesabu mali kwa vijiwe vya udongo: umbo hili kwa kondoo, umbo lile kwa kipimo cha nafaka. Baadaye vijiwe vilitiwa ndani ya donge la udongo lenye uwazi, likazibwa na kupigwa muhuri, ili mchukuzi asipunguze mzigo njiani. Kisha karani mmoja, au makarani wengi kwa vizazi kadha, wakaona hakuna haja ya kufungia vijiwe. Yatosha kuchora alama juu ya kibao cha udongo. Vibao na vipande vya vibao vipatavyo 5,000 vimefukuliwa Uruk, vya baina ya mwaka 3300 na 3000 K.K. kwa kukadiria. Sehemu tisa katika kumi ni hesabu tupu: shayiri iliyoingia, shayiri iliyotoka, kondoo, pombe, nguo za sufu, siku za kazi. Humo hamna utenzi, wala sala, wala sifa za mfalme. Binadamu alipopata kwa mara ya kwanza uwezo wa kuyadumisha maneno yake, aliutumia kuandika nani amepokea nini.

Ile sehemu moja iliyosalia ni orodha za maneno, walizozinakili wanafunzi wa ukarani ili kujifunza kazi yao. Mojawapo ni orodha ya vyeo na kazi, yenye majina zaidi ya mia moja, kuanzia vikubwa na kuteremka. Cheo cha kwanza katika orodha hiyo kilifasiriwa na makarani wa zama za baadaye kuwa ni mfalme; chini yake wamo wakuu wa mambo mbalimbali ya mji na kilimo, makuhani, wapishi, wafua madini na wengineo. Orodha hii iliendelea kunakiliwa neno kwa neno kwa zaidi ya miaka elfu, hata baadhi ya vyeo vyake vikawa havijulikani tena maana yake. Mtu aliyewahi kufanya kazi katika ofisi yoyote ya serikali hatastaajabu sana.

Katika vibao vya hesabu hurudi mara kwa mara jina Kushim. Kibao kimoja kinachohusika naye kinaonyesha vipimo 29,086 vya shayiri kwa muda wa miezi 37, na vingine vyahusu shayiri ya kutengenezea pombe. Wasomi wanabishana kama Kushim alikuwa mtu au lilikuwa jina la ofisi. Na mabishano hayo yenyewe yana maana, kwa sababu hapo ndipo mtu na ofisi walipoanza kuwa vigumu kutenganishwa. Yatosha kusema ya kuwa katika nchi ya Sumeri jina la mweka ghala limeandikwa karne nyingi kabla ya jina la mfalme yeyote.

Katika hesabu hizo hizo mna alama nyingine isiyopendeza kuitazama. Mtumwa wa kike huandikwa kwa kuunganisha alama mbili, ya mwanamke na ya mlima. Milima haiko Sumeri. Nchi ni tambarare kama meza. Wanawake hao walitoka mbali, katika nchi za milima za mashariki na kaskazini, wala hawakuja kwa kutembea. Sufu ilihitaji mikono ya kusokota na kufuma, na mikono hiyo ilihesabiwa katika vibao sawasawa na ilivyohesabiwa mifugo.

Watu huru wa mji waliletaje mazao yao? Jibu la serikali yenyewe limechongwa juu ya chombo kirefu cha jiwe, kiasi cha mita moja, kilichopatikana Eanna, na ambacho kiliibwa katika jumba la makumbusho la Baghdad mwezi wa Aprili 2003 kikarudishwa miezi miwili baadaye. Chini kabisa kuna maji. Juu ya maji, mimea. Juu ya mimea, kondoo. Juu ya kondoo, wanaume walio uchi, wamefuatana wamebeba vikapu vilivyojaa. Na juu ya wote yupo mwanamke, ama mungu mwenyewe au kuhani wake, anapokea, na mbele yake mkuu wa mji, ambaye umbo lake limevunjika likabaki pindo la vazi na mtu aliyelishika. Chombo hicho hakionyeshi askari wala fimbo. Kodi ya kwanza iliitwa sadaka, na aliyeitoa alijua ya kuwa anampa mungu aliyempa maji. Hapana sababu ya kudhani ya kuwa makuhani walikuwa walaghai. Bila shaka wengi wao waliamini kama alivyoamini mbeba kikapu. Lakini kikapu kiliingia ghalani, na ghala lilikuwa na mlango mmoja, na mlango ulipigwa muhuri.

Hapo ndipo ilipo tofauti baina ya Uruk na Çatalhöyük. Akiba ilitoka chumbani mwa kila mtu ikaingia chumba kimoja. Mwanzoni huenda faida ilikuwa kubwa: mwaka wa njaa mjane alipata bakuli lake, mfereji ulioziba ulipata watu wa kuuzibua, fundi wa shaba alikula bila kulima. Wala si haki kuidharau faida hiyo; bila ghala pasingekuwapo mwandishi wala jengo la kudumu. Lakini mwenye kula kutoka bakuli la ghala hufungwa na ghala. Hawezi tena kufanya afanyavyo Mhadza, kubeba mizigo yake akaenda zake, kwa kuwa chakula chake cha mwezi ujao hakiko nyumbani mwake.

Kwa nini basi mambo haya yalitokea huko na si kwingineko? Karl Wittfogel, katika kitabu chake cha mwaka 1957, alidai ya kuwa mifereji mikubwa ndiyo iliyozaa mamlaka makubwa, kwa sababu maji yahitaji msimamizi. Hoja hiyo ilisifiwa sana, kisha ikapata pigo. Robert McCormick Adams, aliyezunguka nchi hiyo akipima nyayo za vijiji na mifereji ya kale, aliona ya kuwa mifereji ya mwanzo ilikuwa midogo, ya kijiji kwa kijiji, na kazi kubwa za maji zilikuja baada ya miji, si kabla yake. Robert Carneiro, mwaka 1970, alitazama upande mwingine: serikali za kwanza, alisema, zilizuka mahali penye ardhi nzuri iliyozungukwa na ardhi mbaya, kama bonde la Nili lililobanwa na jangwa, au mabonde ya pwani ya Peru, ambapo aliyeshindwa hakuwa na pa kukimbilia. Na James Scott, mwaka 2017, aliongeza habari ya nafaka. Shayiri huiva kwa wakati mmoja, husimama juu ya ardhi machoni pa kila mtu, hukauka, hupimika, huwekeka. Muhogo hukaa chini ya udongo hata mwenyewe atake kuuchimba, na mtoza kodi hawezi kuukadiria kwa kuutazama.

Hoja ya nafaka ina uzuri wake, lakini mtu wa Afrika ya Mashariki hawezi kuipokea bila kukumbuka Buganda. Ufalme wa Buganda, wenye kabaka, machifu, majeshi, na barabara zilizosifiwa na wageni wa karne ya 19, ulisimama juu ya ndizi, nazo ndizi haziwekeki ghalani. Watu walitoa nguo za magome ya miti, simbi, mifugo, na nguvu za mikono yao. Hivyo nafaka ni njia moja, si sharti. Lakini mgomba nao, ukishapandwa vizuri, huzaa mahali pamoja kwa miaka mingi, na aliyeurithi kwa babu yake hauachi kwa wepesi. Kwa ndizi na kwa shayiri, mtu aliyefungamana na shamba ni rahisi kumpata kesho pale alipokuwa jana.

Udongo wa Uruk umehifadhi hesabu, lakini haukuhifadhi mioyo ya watu. Vibao havisemi mbeba kikapu alifikiri nini siku ile ya kwanza. Kwa jambo hili yafaa kusikiliza watu waliosimulia wenyewe jinsi walivyopata mfalme, ijapokuwa ni wa zama za karibu zaidi. Washambaa wa milima ya Usambara ni mfano mzuri, na masimulizi yao yameandikwa kwa Kiswahili na Abdallah bin Hemedi katika Habari za Wakilindi. Mbegha, mwindaji aliyetoka Nguu yapata nusu ya kwanza ya karne ya 18, alikuwa kigego, na ndugu zake walimnyima urithi kwa sababu hiyo. Akaingia milimani na mbwa wake, akaua nguruwe waliokuwa wakiharibu mashamba, akawagawia watu nyama, akapewa vyakula vya shambani. Kisha watu wakaanza kumletea mashauri yao, maana mgeni asiye na ukoo mahali hapo hana upande katika ugomvi. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Alipofika Vugha na kumwua simba, watu wakamshika kuwa mtawala. Akaoa katika koo mbalimbali, na wanawe wakawekwa kutawala katika nchi za wajomba zao, na wajomba wakawapokea kwa furaha kama wapwa.

Katika habari hii hakuna ghala wala muhuri, wala nguvu haikutangulia. Kuna mwamuzi na nyama. Rousseau angeifurahia. Lakini msomaji mwangalifu hatasahau ya kuwa mwandishi wa habari hizo alikuwa karibu na watawala wa Kilindi, na kwamba kila nyumba ya kifalme hupenda kukumbukwa kuwa iliitwa, si kwamba iliingia. Tena, hata ikiwa kila neno lake ni kweli, waliomwita Mbegha walikuwa watu wa kizazi kimoja. Wajukuu wao hawakumwita mtu. Walizaliwa wakamkuta mtawala yuko Vugha, ana wanawe kila upande, na kodi ina siku zake. Mlango wa kuingilia ulikuwa wa hiari. Wa kutokea ulikuwa jambo jingine.

Katika Sumeri nguvu za silaha zilikuja nyuma ya ghala, lakini zilikuja. Miji iliongezeka, mashamba yakapakana, na mipaka ikawa damu. Kwa vizazi kadha mji wa Lagash na mji wa Umma viligombea mashamba na maji ya mpakani. Yapata mwaka 2450 K.K. Eannatum wa Lagash alichonga jiwe la ushindi, ambamo tai wanaruka na vichwa vya maadui, na askari wake wamesimama ngao kwa ngao. Katika zama hizo jina la mtawala lilikuwa lugal, neno ambalo maana yake ni mtu mkubwa tu. Thorkild Jacobsen, katika makala yake mashuhuri ya mwaka 1943, alitoa rai ya kuwa kabla ya hapo miji ilikuwa na mabaraza ya watu huru, na mkubwa alichaguliwa kwa muda wa hatari peke yake. Katika hadithi moja ya Kisumeri, Gilgamesh, mfalme wa Uruk, auliza baraza la wazee kama apigane na mfalme wa Kish. Wazee wasema asipigane. Auliza tena vijana. Wao wasema apigane. Akafuata ya vijana. Baraza lilikuwapo, ni kweli. Lakini mfalme anayeuliza hata apate jibu alilolitaka ameshaanza kulizoea kiti chake.

Malalamiko ya kale kupita yote juu ya serikali yaliyoandikwa kwa urefu yametoka Lagash pia, na ajabu yake ni kwamba yameandikwa kwa amri ya mtawala. Urukagina alishika nchi yapata mwaka 2350 K.K., na maandishi yake juu ya koni za udongo yalifukuliwa katika magofu ya Girsu, mahali ambapo Wafaransa walianza kuchimba mwaka 1877. Kabla yake, yasema maandishi hayo, wasimamizi walijitwalia mashua za mabaharia, punda na kondoo za wafugaji, na mawindo ya wavuvi. Ng'ombe wa miungu walilima vitunguu vya mtawala, katika ardhi nzuri ya miungu. Mtu akifa, wazikaji walichukua mitungi saba ya pombe na mikate 420, pamoja na shayiri, nguo, mbuzi na kitanda. Watoza kodi walienea mpaka baharini. Mkubwa akitaka kununua punda au nyumba ya mtu mdogo, mdogo hakuwa na la kusema.

Urukagina aliwaondoa wasimamizi hao. Ada ya maziko ikashuka kuwa mitungi mitatu na mikate 80. Ikaamriwa ya kuwa mkubwa anayetaka punda wa mtu mdogo alipe bei itakayomridhisha mwenyewe, na akikataa kuuza asipigwe. Waliofungwa kwa madeni wakafunguliwa, na mtawala akaahidi mbele ya mungu wake asimtie yatima na mjane mkononi mwa mwenye nguvu. Neno lililotumika kwa kufunguliwa huko ni amargi. Ndilo neno la uhuru lililo la kwanza kuonekana katika maandishi ya binadamu, na tafsiri yake, neno kwa neno, ni kurudi kwa mama. Mtu aliyekuwa ameandikwa katika kibao cha mwingine alifutwa, akaenda kwao. Njia ya kuondoka, iliyozibwa na ghala miaka elfu nyuma, ilifunguliwa kidogo, na kwa mkono wa serikali yenyewe.

Haifai hata hivyo kumfanya Urukagina mtakatifu. Mashamba aliyotangaza kuyarudisha kwa miungu yalibaki chini ya jamaa yake, na yale ya mungu mke Bau yalisimamiwa na Shasha, mke wa mtawala. Vibao vya posho vya nyumba hiyo vimehifadhika vizuri, na idadi ya walao humo haikupungua. Huenda aliamini kwa dhati aliyoyatangaza. Huenda pia alihitaji watu wa kumwunga mkono dhidi ya waliomtangulia. Mambo haya mawili hukaa pamoja katika kifua cha mtawala bila kugombana.

Hakutawala muda mrefu. Lugalzagesi wa Umma alikuja na jeshi, katika ugomvi ule ule wa mipaka, akauteketeza mji. Mtu mmoja wa Lagash aliandika juu ya msiba huo kibao kilichotufikia. Anasema ya kuwa Urukagina hana dhambi katika jambo hili, na dhambi iwe juu ya shingo ya mungu wa Lugalzagesi. Lakini kabla ya kufika hapo anataja mahali patakatifu pamoja baada ya pengine: hapa wametia moto, hapa wamepora fedha na mawe ya thamani, hapa wamemwaga damu, na mwishowe, katika mashamba ya mungu wa mji, wametwaa shayiri, yote iliyokuwa imelimwa. Alikuwa karani, na alilia kwa namna aliyofundishwa kuandika.